Sufuria Yangu Ina Marafiki Kunizidi

Jamani, mzazi akikwambia "mwanangu, ukifika chuoni uchague marafiki wazuri", muulize kwa heshima kama aliwahi kulala homu, bweni la wanafunzi, hapa Lubumbashi. Homu haimpi mtu nafasi ya kuchagua. Sufuria ndiyo inayochagua.

Mimi nimetoka Likasi. Mama alinifungasha unga wa mahindi, ndagala, chumvi, blanketi la baridi ya mwezi wa sita, na sufuria moja kubwa yenye mfuniko. Nilipofika, hata choo sijajua kiko upande gani, mlango ukagongwa. "Yaya, niazime sufuria." Yaya! Jamaa ana ndevu, ana mtoto kule Katuba, anamalizia sheria, na ananiita mimi yaya, yaani mkubwa wake. Mtu akikuheshimu hivyo utamnyima vipi? Sufuria ikaondoka na mfuniko wake, na toka siku hiyo tunaonana kwa bahati.

Kila jioni naisaka korido nzima, naifuata kwa harufu. Nikiikuta imejaa sombe ya watu, yaani kisamvu, wenyewe wananishangilia: "Peti, kuya tukule!" Yaani mdogo, njoo tule. Nakaribishwa kwenye sufuria yangu, kwenye bukari, ugali wa unga wangu, na nakatiwa tonge dogo kwa sababu mimi ni bleu, mgeni wa mwaka wa kwanza. Tukimaliza, nani anaosha? Bleu. Na nikishaosha, kabla sijaikausha, kuna mkono unaipokea: "Asante yaya, nairudisha sasa hivi." Hiyo sasa hivi yao haijawahi kulala chumbani kwangu.

Nasema chumbani kwangu kwa kujipendekeza tu. Karatasi ya mlangoni imeandika majina mawili. Usiku ukihesabu miguu, utaacha. Mwenzangu ana maquisard wake, yaani mwanafunzi asiye na kitanda anayejificha kwa mwenye kitanda. Huyo simlaumu, kodi za mjini zinajulikana, tena ni mtu mpole. Lakini maquisard naye amepata maquisard! Huyo wa pili ndiye aliyenifungulia mlango juzi natoka darasani, akanitazama juu mpaka chini, akauliza: "Unatafuta nani, peti?" Nikajibu natafuta kitanda changu. Akasema nisubiri, kuna mtu amelala.

Urafiki wa mazungumzo nao una mitego yake. Hapa hawakuulizi jina, wanakuuliza timu. Mazembe na Lupopo, timu mbili za mpira za mji huu, zote zilizaliwa 1939, na ugomvi wao nadhani ulitangulia. Mimi nikajifanya mwenye akili, nikasema napenda voliboli. Loo! Wale wa Mazembe wakanikalisha kitini kunisomea mwaka 2010, jinsi Kunguru, ndio hao Mazembe, walivyofika fainali ya dunia ya vilabu. Nikauliza, ikaishaje? Kimya. Upande wa Lupopo ndio uliojibu, kwa sauti kubwa mno: Inter, tatu kwa bila! Mpaka leo Lupopo wananihesabu ni wao, Mazembe wananipita bila salamu, na mimi mpira wenyewe siujui.

Umeme nao ni mgeni wa usiku. Unakatika mchana wote, halafu unarudi saa sita usiku, na homu nzima inaamka kuwasha resho, majiko ya umeme, kwa pamoja. Maharage, maji ya kuoga, chaji ya simu, vyote kwa waya mmoja uliofungwa na mfuko wa plastiki, mimi nikisoma mahesabu kati yao. Ukisikia "paa!" gizani, ujue kuna mwenye haraka ameongeza pasi. Hapo kila mtu anatoa mbabula, jiko la makaa, koridoni, makaa yanapulizwa, na tunalia machozi pamoja. Mgeni akipita atadhani tuna msiba.

Rafiki wa kweli niliyempata ni mmoja, na nilimpata kwenye maji. Bidoni, madumu ya maji, zinapanga mstari bombani tangu alfajiri, wenyewe tumelala. Yangu ya njano ilisimama nyuma ya moja ya bluu isiyo na kifuniko. Mwenye bluu ni kijana wa Kalemie, hasemi sana. Yeye akiwahi anasogeza yangu, mimi nikiwahi nasogeza yake. Hajawahi kuniomba kitu. Nilianza kumtilia shaka, maana homu hii mtu asiyekuomba kitu ana jambo. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuja chumbani kwangu. Akasema alikuja, ila jamaa mmoja mlangoni alimwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo.

Basi jana, saa nane za usiku, mitihani iko mlangoni, nimelala ukingoni mwa kitanda changu mwenyewe, kukagongwa. Ni yule wa ndevu.

"Yaya, uko na kijiko?"

"Kijiko cha nini usiku huu?"

"Cha kuchotea chumvi."

"Chumvi yangu sijui iko wapi, mukubwa."

"Iko kwangu toka mwezi jana. Mimi nimekuja kwa sababu ya kijiko tu."

Nikampa. Sasa nakoroga chai kwa kalamu.