Asiyeonekana kwenye mfumo apigiwe simu

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema wanaoacha kozi za chuo za mtandaoni hawana nidhamu. Siafiki hata kidogo. Mdogo wangu hapa Makorora, Tanga, alianza stashahada huku akiuza mihogo jioni. Video za mihadhara zilimaliza bando kabla mwezi haujafika nusu. Alipokwama zoezi la kwanza hakuna mwalimu aliyemuuliza, ujumbe uliomfikia ulikuwa wa kudai ada tu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha wanafunzi walio mbali na kilichoanzishwa 1992, kina vituo mikoani, na anayesoma mbali anahitaji hasa pa kukimbilia. Mfumo wa masomo ya mtandaoni unaonyesha nani hajaingia wiki nzima. Basi enyi vyuo, mpigieni simu wiki hiyohiyo, jamani, na mihadhara iwekeni pia kwa sauti na maandishi mepesi kupakua.