Sukari ya Ukoo, Sawa. Na Mama Alisoma Mpaka Wapi?

Kila ifikapo tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, mahema hupigwa, watu hutobolewa vidole, na mwenye namba mbaya hupewa hotuba ileile ya mwaka jana: punguza wali, achana na mahamri, tembea nusu saa kila siku. Anayehutubiwa ni mtu wa miaka arubaini na tano, shati limembana tumboni, na jibu lake linajulikana kabla hajafungua kinywa: "Sukari kwetu ni ya ukoo." Mwenye hema anatikisa kichwa, anatia alama kwenye kisanduku cha historia ya familia, kisha anamwita mwingine.

Hotuba yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na ile fomu. Ina pahali pa uzito, kimo, kiuno, presha na sukari, lakini swali moja ambalo halihitaji mashine wala sindano halimo: mamako alisoma mpaka darasa la ngapi?

Mtacheka. Lakini nchi zilizowafuata watu tangu kuzaliwa mpaka uzeeni hulikuta jibu hilo mara kwa mara. Waliolelewa na akina mama waliosoma kidogo hufika utu uzima na kiuno kikubwa zaidi, presha ya juu zaidi na sukari isiyoshikika. Ukizihesabu elimu yao wenyewe na mishahara yao, pengo hupungua, ila mara nyingi haliishi. Hapo unamzungumzia mtu mwenye shahada na gari ambaye bado mwili wake unalipa karo ambayo mamake hakulipiwa.

Tuanze na huo ukoo. Wapima, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, wana sukari nyingi mno, na watafiti wamekaa nao miongo kadhaa. Walilinganisha ndugu wa nyumba moja: mmoja amezaliwa kabla mama hajapata sukari, mwingine baada ya kuipata. Mama yuleyule, baba yuleyule. Aliyezaliwa baadaye alikuwa na uwezekano zaidi ya mara tatu wa kuugua sukari kuliko nduguye. Wakaangalia na akina baba waliopata sukari kati ya mtoto mmoja na mwingine: tofauti hiyo hawakuiona. Kama ingekuwa damu peke yake, baba naye angeonekana.

Njaa nayo hufika palepale kwa njia nyingine. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula kisifike miji ya magharibi ya Uholanzi na posho ikashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watoto waliokuwa tumboni wakati huo walipimwa wakiwa na miaka kama hamsini, na miili yao ilishindwa kuishughulikia sukari sawa na wenzao. David Barker, daktari mtafiti wa Southampton, Uingereza, naye alikuwa amefukua madaftari ya zamani ya wauguzi wa Hertfordshire, na mwaka 1989 akaonyesha kwamba wanaume waliokuwa na uzito mdogo utotoni walikufa zaidi kwa moyo. Wengi hawakumwamini. Lakini sababu moja inayotajwa ya uzito mdogo kuishia kwenye presha na moyo ni rahisi kuelewa: vichujio vya figo huundwa tumboni na kazi hiyo hukamilika karibu na wiki ya 36. Mtoto aliyezaliwa na gramu 2,000 mara nyingi huwa navyo vichache, na hakuna duka la kuongezea. Vichache hivyo hubeba mzigo wa vyote, na baada ya miaka thelathini unasikia "presha imenianza ghafla". Ghafla ya wapi!

Sasa shule inaingiaje? Hapa ndipo wataalamu wetu huboronga. Watakwambia mama aliyesoma "ana uelewa wa lishe bora". Hapana. Mwanamke yeyote wa Majengo au Likoni hapa Mombasa, awe amesoma au hakusoma, anajua mchicha una faida na soda haina. Wala hakuna aliyefundishwa sukari ya mimba akiwa kidato cha pili. Shule humpa vitu vingine, na cha kwanza ni umri tu. Msichana aliye darasani mpaka miaka kumi na minane ni nadra kuwa na mimba ya pili akiwa na kumi na saba. Mwili wa miaka kumi na sita bado unajijenga, kwa hiyo mama na mtoto hugawana kisichotosha, na hatari ya mtoto kuzaliwa chini ya gramu 2,500 huwa kubwa zaidi, na vilevile hatari ya kifafa cha mimba. Mwaka 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipokuja Kenya na darasa la nane, serikali iliongeza mwaka mmoja wa shule ya msingi bila kumwaza mtoto wa mtu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha wanawake walioguswa na mabadiliko hayo walichelewa zaidi kuolewa na walizaa watoto wachache. Mwaka mmoja tu.

Cha pili ni namba na maandishi, na hapa acheni niwachoshe kidogo, maana kliniki ni mtihani wa kusoma hata kama hakuna anayeuita hivyo. Kitabu cha mama na mtoto sehemu yake kubwa ni Kiingereza. Kidonge cha ayani (madini ya chuma ya kuongeza damu) na foliki, miligramu 60 kwa mikrogramu 400, hunywewa kila siku mimba nzima. Mama anakimeza asubuhi na chai ya maziwa, kwa sababu ndiyo iliyo mezani, na chai hiyo huzuia sehemu kubwa ya ayani isiingie mwilini. Kimezwe saa moja au mbili mbali na chai, kwa maji ya ndimu, ukwaju au chungwa. Kikimchafua roho, akimeze usiku baada ya chakula. Choo kitakuwa cheusi na hakuna ubaya. Hilo la choo lisiposemwa, anakiacha kidonge wiki ya pili akidhani kinamuunguza tumbo, na makopo yanajaa juu ya kabati.

Halafu kipimo cha sukari ya mimba, wiki ya 24 hadi 28. Usiku hali chochote kwa muda wa saa nane kwa uchache. Asubuhi damu inatolewa, anakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji kama mililita 300, anamaliza ndani ya dakika tano, anakaa kitako, damu inatolewa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Ikifika milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, au 10.0 saa ya kwanza, au 8.5 saa ya pili, moja tu yatosha kumwita mgonjwa. Kinachoharibu kipimo hiki pwani yetu ni kikombe. Ameambiwa asile, naye hajala. Amekunywa chai tu, na chai kwetu si chakula. Namba ya kwanza inapanda, anatishwa bure au anarudishwa nyumbani, na siku ya pili hana nauli ya kurudi. Kwingine hapimwi kabisa; anaingiziwa kijiti kwenye mkojo, kijiti hakibadiliki rangi, basi "uko sawa". Kijiti hicho hupitwa na wengi wenye sukari ya mimba. Mtoto anazaliwa na kilo nne na nusu, ukumbi mzima unashangilia mtoto mnono, mashallah, na hakuna anayeuliza unono huo umetoka wapi.

Lakini uzito wa hoja yangu uko kwenye cha tatu, nacho ni ulimi. Mwaka 1979 John Caldwell, mtaalamu wa takwimu za watu, aliandika kuhusu akina mama wa Nigeria akijiuliza kwa nini watoto wa waliosoma walikuwa hawafi kama wa wasiosoma, hata walipoishi hali moja. Jibu lake halikuwa somo la afya. Alisema shule humbadilishia mwanamke nafasi yake nyumbani: hupata sauti mbele ya mume na wakwe, na daktari husikiliza anaposema. Nenda kliniki yoyote asubuhi uketi kwenye benchi, utaliona jambo hilo bila kufungua jarida. Nesi amefunga mkanda, ameusoma, ameandika, anasema "mwingine". Mama mmoja anainuka na kuondoka. Mwingine anabaki kitini: "Samahani, presha yangu ni ngapi? Na mara iliyopita ilikuwa ngapi?" Swali hilo la pili ndilo linaloinua kichwa cha nesi, kwa sababu 138 leo na 112 mwezi uliopita si habari njema, hata kama 138 peke yake haijafika 140. Aliyeuliza hakujifunza presha shuleni. Alijifunza kwamba anayeshika kalamu anaweza kuulizwa, na asigombwe; au akigombwa, asife.

Na nyumbani vilevile, tena nyumbani kuna uzito zaidi. Siku arubaini za uzazi ni za mama mkwe na somo, yaani kungwi. Mengi wanayofanya ni mazuri kupita wodi yoyote: supu, kukandwa, mapumziko ambayo wanawake wa mataifa mengine wanayalilia. Lakini wiki ya kwanza mtoto akilia, kuna maji ya sukari kwenye kijiko. Binti wa miaka kumi na saba atayatia mdomoni mwa mtoto, atafanyaje? Aliyemaliza kidato cha nne atasema, "Shikamoo mama, nimesikia, lakini kliniki wamekataza mpaka miezi sita, nitamnyonyesha tena sasa hivi." Heshima imebaki na kijiko kimerudi jikoni. Msinambie hilo ni jambo dogo. Maisha ya siku elfu moja za kwanza, tangu mimba mpaka miaka miwili, ni vijiko kama hivyo, mamia kwa mamia, na kila kimoja kina mtu mzima aliyekishika ambaye hapendi kukataliwa.

Miezi sita ikifika, uji. Uji mwepesi wa mahindi wenye vijiko vitatu vya sukari hujaza tumbo na haujengi mfupa. Uwe mzito kiasi cha kushika kwenye kijiko ukikiinamisha, utiwe tui au karanga zilizosagwa, na mapema aanze yai, samaki aliyetolewa miiba, mbaazi zilizopondwa. Mara mbili au tatu kwa siku, mara tatu au nne akishafika miezi tisa. Tafiti za Brazili, Guatemala, India, Ufilipino na Afrika Kusini zilizofuata watoto hadi ukubwani zilionyesha kwamba kukua vizuri kabla ya miaka miwili humpa mtu urefu na masomo, na kuongezeka uzito haraka baada ya hapo huongeza zaidi mafuta. Sisi tunafanya kinyume: tunamnyima mwanzo, tunamfidia baadaye kwa soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, vijiko vinane vya chai. Mtoto wa miaka miwili anayehitaji kalori 1,000 hivi, kikomo chake cha siku ni gramu 25. Na kwenye harusi anapewa chupa yake mwenyewe, asisumbue watu.

Haya, najua mtakayosema. Uchunguzi wa nchi 22 uliochapishwa 1998 ulionyesha kwamba ukihesabu elimu ya baba, maji ya bomba na choo, mchango wa elimu ya mama kwa afya ya mtoto hupungua sana. Sawa, nakubali, ingawa mwenye kusoma ndiye huolewa penye bomba. Mtasema Nyali kuna akina mama wenye shahada mbili na watoto wao wananenepa kwa chipsi na kuku wa kuletewa kwa pikipiki. Kweli pia, katika nchi zetu pesa huja na kiuno kwanza, akili ya kiuno hufuata kizazi cha pili. Na mtu asinisome vibaya nikadhaniwa nawadharau bibi zetu waliohitimu chuo cha Kurani na kuhifadhi yasiyohesabika. Akili walikuwa nayo. Kitabu cha kliniki ndicho hakikuandikwa kwa lugha yao, na hilo ni kosa la wizara, linarekebishika kwa mashine ya kupiga chapa. Akina baba nao wamo. Nimewaacha kwa sababu mada ingenimaliza.

Kwa vifo vya utotoni hesabu ilishafanywa: kati ya vifo milioni 8.2 vya watoto wa chini ya miaka mitano vilivyopungua duniani baina ya 1970 na 2009, milioni 4.2 vilihusishwa na wanawake kusoma zaidi. Waliookoka ndio watu wazima wa leo, na sukari na presha zinawasubiri mlangoni. Jirani zetu Kilifi, utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali taifa ni 18. Wengi wao watakuja kutafuta kazi na nyumba Kisauni na Changamwe, na vipimo vyao vya mwaka 2060 vimeanza kuandikwa sasa.

Kwa hiyo msichana akitolewa kidato cha pili mwezi wa Disemba kwa sababu "posa nzuri haiji mara mbili", hiyo ni habari ya afya, na afisa wa afya wa kaunti aipiganie kama anavyopigania chanjo. Sheria ya ndoa ya 2014 imesema miaka 18. Sekondari ya kutwa haina karo tangu 2008 kwenye karatasi. Kinachomtoa msichana ni chakula cha mchana, sare, nauli ya matatu na pesa za "maendeleo" zisizo na risiti. Basari zilipie hivyo, kwa jina lake. Na aliyepata mimba anaruhusiwa kurudi darasani. Mwongozo wa wizara wa 2020 uko wazi. Mwalimu mkuu akimwambia mzazi atafute shule nyingine, amwombe aliandike hilo kwa barua, atie sahihi na mhuri, kisha barua iende afisi ya elimu ya kaunti ndogo siku hiyohiyo.