Bodi imekufa, au haijapimwa?

Peleka kompyuta isiyowaka kwa fundi, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, na kuna uwezekano mkubwa ukajibiwa kwa maneno mawili: bodi imekufa. Bodi hapa ni motherboard, kibao kikuu kinachounganisha vipande vyote vya kompyuta. Mara nyingi maneno hayo hutoka kabla mita ya kupimia umeme haijagusa chochote. Mteja anabaki na njia mbili, atafute bodi nyingine ya mtumba au atafute kompyuta nyingine, na fundi anabaki na mashine moja zaidi ya kutolea spea.

Nyuma ya kauli hiyo kuna mabishano ya siku nyingi kati ya mafundi wenyewe. Wapo wanaosema bodi ikigoma itolewe nzima, iwekwe nyingine, kazi iishe. Wapo wanaosema bodi ni mkusanyiko wa vipande mamia kwa mamia, na kilichoharibika kwa kawaida ni kimoja au viwili, basi kitafutwe hicho. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, ingawa kuna mashine ambazo ningewaachia wa kwanza bila kubisha.

Tuwape haki yao wa kwanza. Kubadilisha bodi ni kazi ya bisibisi. Fundi wa kawaida anaimaliza kwa muda mfupi, hahitaji darubini wala mashine ya hewa moto, na akimaliza anajua alichofanya. Anaweza hata kutoa garantii ya miezi kadhaa, kwa sababu asipofanikiwa anairudisha bodi kwa aliyemuuzia. Ofisi yenye mashine nyingi za aina moja haiwezi kumsubiri mtu anayesaka kapasita moja (kipande kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda) kwa siku tatu. Na ndivyo watengenezaji wenyewe wanavyofanya: kituo cha huduma kilichoidhinishwa hakilehemu vipande, kinabadilisha bodi nzima.

Lakini tuangalie utaratibu huo ulitoka wapi. Ulaya na Marekani saa moja ya fundi ni ghali, na spea inafika kwa mpangilio kutoka ghala la kampuni. Ukipiga hesabu ya kule, kumlipa mtu apekue bodi nusu siku ni hasara. Kwetu hesabu imepinduka. Mkono wa fundi ndio wa bei nafuu, na bodi ndiyo ghali, kwa kuwa inatoka China au Dubai, haina historia, na kwa mashine ya zamani huenda haitengenezwi tena. Tumechukua jibu la watu ambao hesabu yao si yetu.

Sasa twende mezani. Chukua laptopu ya ofisi yenye miaka kumi hivi, imeletwa haina hata taa. Anayejua kazi haanzi na bodi. Anapima chaja kwanza: nyingi za mashine hizi zinatakiwa kutoa volti 19 au 19.5. Kama ni Dell, chaja ina pini nyembamba katikati inayoitambulisha kwa kompyuta. Pini hiyo ikikatika, mashine inawaka lakini haichaji betri na inafanya kazi polepole, na mwenye mashine anaambiwa bodi. Kisha anatoa betri, anatoa RAM (vibao vya kumbukumbu ya muda), anasafisha meno yake kwa kifutio, anajaribu kipande kimoja kimoja. Anaunganisha skrini ya nje, maana giza la kioo si lazima liwe giza la bodi. Anachomoa kibodi, kwa sababu kitufe cha kuwashia kilichonasa kinaweza kuifanya mashine nzima ionekane maiti. Hayo yote hayahitaji utaalamu mkubwa, yanahitaji subira, na sehemu nzuri ya "bodi zilizokufa" hufufuka hapo hapo.

Ikiwa bado kimya, bodi inalishwa kwa pawasaplai ya mezani, kifaa cha kutoa umeme, yenye kuonyesha ampea, yaani kiasi cha umeme unaovutwa. Hapo ndipo bodi inaanza kusema. Sindano ikikaa kwenye sifuri kabisa, umeme hauingii: tazama tundu la chaja, fyuzi na mosfeti (swichi ndogo za umeme) za mlangoni. Ikionyesha kiasi kidogo sana na kutulia, umeme umeingia na mashine inangoja kuwashwa; sasa pima njia za volti 3.3 na volti 5, zile zinazotakiwa kuwepo hata mashine ikiwa imezimwa. Ikipanda ghafla hadi kikomo kabla hujabonyeza kitu, kuna shoti, yaani umeme umepata njia ya mkato isiyotakiwa.

Shoti ndiyo inayotishia wateja, na mara nyingi ndiyo rahisi kuliko zote. Unazima kila kitu, unaingiza volti moja tu kwenye njia yenye shoti, unadondosha alkoholi ya isopropili juu ya eneo hilo, halafu unatazama inakauka wapi kwanza. Itakauka juu ya kapasita moja ya kahawia, ndogo kuliko punje ya mchele. Unaing'oa. Unapima tena, shoti hakuna. Kwa kuwa kapasita kama hiyo huwa na wenzake kadhaa wanaofanya kazi pamoja kwenye njia ile ile, mashine mara nyingi inawaka hata kabla hujaweka nyingine, na ya kuweka unaitoa kwenye bodi ya kutolea spea. Bodi nzima ilikuwa itupwe kwa ajili ya hiyo.

Kuna hoja nyingine dhidi ya kubadilisha ambayo haitajwi vya kutosha: bodi mbadala ya mashine ya zamani nayo ni ya zamani. Kama kosa lilikuwa la kiwandani, unanunua kosa lile lile kwa mara ya pili. Dell iliuza kompyuta za mezani za OptiPlex zipatazo milioni 11.8 kati ya Mei 2003 na Julai 2005 zilizokuwa kwenye hatari ya kuharibika kwa sababu ya kapasita zinazovimba na kuvuja. Mwaka 2005 kampuni ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya balaa hilo, na nyaraka za kesi zilizotoka 2010 zilionyesha kuwa bodi mbovu zilikuwa zinabadilishwa kwa bodi nyingine zenye kapasita mbovu. Apple nayo ilianzisha mpango maalumu wa kutengeneza bodi za iBook mwanzoni mwa 2004, na wapo wenye mashine waliobadilishiwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2015 ikaanzisha mwingine kwa MacBook Pro zilizouzwa tangu Februari 2011 hadi Desemba 2013, zenye tatizo la chipu ya picha. Leo ukinunua mtumba bodi ya MacBook Pro ya inchi 15 ya 2011, unanunua kamari. Wakati huo huo, OptiPlex ile yenye kapasita zilizovimba vichwa ilikuwa inapona kwa kubadilisha kapasita zenyewe, kazi ya chuma cha kulehemu na saa moja ya mtu makini.

Bodi ya mtumba ina na mitego midogo. Laptopu ya biashara inaweza kuja na nenosiri la BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine) la kampuni iliyokuwa ikiimiliki, na bodi ikabaki pambo. HP ikikosa namba zake za utambulisho ndani ya BIOS italalamika kila ikiwaka. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, itadai ufunguo wa kurejesha pindi ikijikuta kwenye bodi ngeni, na mwenye mashine kwa kawaida hajui hata kama ana ufunguo huo. Muulize kabla hujafungua skrubu ya kwanza. Upande wa kompyuta za mezani, usidhani bodi yoyote itaingia: OptiPlex 7020 na 9020 zinatumia plagi ya umeme ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24, hivyo bodi ya dukani haiungwi na pawasaplai yake.

Mpaka hapa inaonekana kama nimeshamaliza hukumu. Sijamaliza, maana upande wangu nao una uchafu wake.

Uchafu mkubwa ni kupasha moto. Laptopu haionyeshi picha, fundi anaielekezea hewa moto chipu ya picha kwa dakika chache, picha inarudi, mteja analipa na kushukuru. Wiki kadhaa baadaye giza limerudi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba lehemu chini ya chipu ilikuwa imepasuka, kwa kuwa tangu sheria ya Ulaya ya Julai 2006 viwanda viliacha lehemu ya risasi inayoyeyuka kwenye nyuzi 183 na kuhamia isiyo na risasi, inayohitaji kama nyuzi 217 na ambayo ni ngumu zaidi. Kuna ukweli ndani yake, lakini si kwa kesi zilizo maarufu kuliko zote. Mwaka 2008 Nvidia ilitangaza kutenga karibu dola milioni 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zenye udhaifu katika vifaa vya ufungaji wake. Udhaifu ulikuwa ndani ya chipu yenyewe, kwenye viungo vidogo kati ya kito cha silikoni na kibao chake. Joto linavigusanisha kwa muda tu. Hata ukiing'oa chipu na kuipangia vidonge vipya vya lehemu, umelehemu upya sehemu isiyoumwa. Dawa ni chipu mpya ya toleo lililorekebishwa, au bodi nyingine, au kuachana nayo. Anayepasha moto akijua hivyo na bado akaiita matengenezo, anauza wiki chache za picha kwa bei ya mwaka.

Kesi nyingine ninayowaachia wanaobadilisha ni ya chumvi. Mashine iliyokaa Mombasa au Unguja miaka minane karibu na dirisha linalotazama bahari, au iliyomwagikiwa soda ikaachwa ikauke yenyewe, haina kosa moja. Ina makosa yanayongoja zamu. Utatengeneza njia ya volti 5 leo, mwezi ujao kitakufa kipaza sauti, halafu tundu la USB, halafu uzi wa shaba uliofichwa ndani ya tabaka za bodi ambapo hakuna mkono unaofika. Bodi iliyoota kutu ya kijani chini ya chipu kubwa, mimi nashauri itolewe.

Kwa hiyo uamuzi wenyewe, kubadilisha au kutengeneza, si mgumu kiasi hicho baada ya kupima. Ugumu uko kwenye kupima, na sababu yake ni ya kifedha kuliko ya kiufundi. Vibao vingi vya mafundi vinasema kuangalia ni bure. Maana yake ni kwamba fundi aliyetumia saa mbili na kugundua RAM ilikuwa chafu hana anachoweza kudai. Akidai, ataambiwa ametoza hela ya kufuta vumbi. Lakini akisema bodi, kuna hela ya bodi, hela ya kufunga, na bodi ya zamani inabaki kwake. Sisemi mafundi ni wezi. Nasema tumemlipa mtu kwa jibu moja tu kati ya mawili, kisha tunashangaa analitoa hilo hilo.

Mteja naye ana hoja. Atajuaje kama kweli kilipimwa kitu? Akilipia uchunguzi halafu akaambiwa imekufa, ametoka na hasara mbili. Hofu hiyo ina msingi, na haitatuliwi kwa kumwambia amwamini fundi. Inatatuliwa kwa karatasi: umeme unaoingia ni volti ngapi, njia ya 3.3 na ya 5 zina ngapi, ampea kabla na baada ya kuwasha, shoti ipo njia gani na upinzani wake ni kiasi gani. Mistari minne au mitano. Fundi mwingine akiipata anaweza kuihakiki kwa dakika chache, na fundi ambaye hakupima hawezi kuiandika bila kujianika. Mahali penye karatasi hiyo, lipa. Pasipo nayo, bure yenyewe ni ghali.

Linabaki suala la umri. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka TPM 2.0 (kipengele cha usalama ndani ya mashine) na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kuja juu, ukiacha chache za kizazi cha 7. Laptopu ya Core i5 ya kizazi cha 4 ikifa bodi, bodi ya kuibadilisha itakuwa ya kizazi hicho hicho. Hapo sioni sababu ya kununua bodi kwa mtu anayehitaji mashine ya ofisi yenye masasisho. Kama kosa ni kapasita moja, itengenezwe, iwekewe Linux, mfumo wa bure mbadala wa Windows, imtumikie mwanafunzi au duka. Kama ni chipu kubwa, hela ya bodi iongezewe ipatikane mashine ya kizazi cha 8. SSD yake (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5 hamisha, mashine nyingi za kizazi hicho bado zina nafasi ya kuipokea. RAM ya zamani ya aina ya DDR3 haitaingia kwenye tundu la aina mpya zaidi, DDR4, hivyo iuze pamoja na bodi kwa mtu wa spea.