Siku niliyovua suruali mbele ya baba mkwe

Mkwe ana adabu zake. Mbele ya baba mkwe hukunji nne, hucheki mpaka jino la mwisho lionekane, na ukipewa mfupa usio na nyama unashukuru kana kwamba ni paja. Mimi adabu hizo nilizishika tangu siku nilipopeleka mahari, na hadi leo nasema sikuzivunja. Zilivunjwa na siafu.

Baba mkwe ni mtu wa Lubumbashi, mstaafu wa reli. Alipanda ndege kuja Bukavu kumwona mjukuu wake, lakini mjukuu alimshika mara moja tu, akamrudisha kwa mama yake, akatoa pochi. Ndani ya pochi mlikuwa na noti ya zaire 50,000 ya mwaka 1991. Wenye umri wanaikumbuka: upande mmoja Mobutu na kofia yake ya chui, upande wa pili familia ya gorila. Mwaka 1993 serikali ilipoleta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, noti hiyo ikawa haifikii hata makuta 2, yaani senti 2 za zaire mpya. Yeye aliitunza vilevile, imekunjwa mara nne, karibu na kadi yake ya reli.

Akaweka kidole juu ya Mobutu. "Uyu nilimuonaka, mara mingi, akipita mu gari moshi." Akaigeuza. "Aba ba nyuma njo sijabaonaka bado. Banasema biko hapa kwenu."

Kweli wako kwetu. Hao ndio gorila wa Grauer, wakubwa kuliko gorila wengine wote, dume lake linaweza kufikia kilo 200, na duniani kote hawaishi porini popote isipokuwa huku mashariki mwa Kongo. Mtu wa Bukavu atakuelezea hayo kwa majivuno makubwa, kisha ukimuuliza kama amewahi kwenda kuwaona atabadilisha mazungumzo. Mimi pia nilikuwa hivyo. Tshivanga, mlango wa mbuga ya Kahuzi-Biega, iko kilomita kama 30 tu kutoka mjini, na nilikuwa nimepita Miti kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu bila hesabu pasipo kukata kushoto hata siku moja.

Haya yalikuwa kabla ya Februari 2025, kabla vita havijaingia mjini, wakati ambapo swali la kwanza la mtu anayetaka kwenda Tshivanga lilikuwa mafuta ya gari. Gari niliazima. Tukatoka alfajiri, mimi, mke wangu na mzee. Tulipofika Mudaka, wamama walikuwa ndio kwanza wanapanga ndizi. Baada ya Miti barabara inapanda kati ya mashamba ya chai, baridi inaingia, na mzee aliyezoea joto la Katanga akawa anapumulia vidole vyake na kuangalia milima kwa mashaka.

Nguo zake sasa. Suti ya kijivu, tai, na mokasini nyeusi zilizong'arishwa mpaka unajiona ndani yake. Bila soksi. Nikauliza kwa upole kama viatu hivyo vitafaa porini. Akanijibu kwamba mtu haendi kumtembelea mkubwa akiwa amevaa hovyo.

Pale kituoni, kiongozi wa watalii alitukalisha akaanza maelezo yake. Kijana mzuri, anajua kazi yake. Akasema mbuga ilianzishwa mwaka 1970, na kwamba Mbelgiji Adrien Deschryver alikuwa mstari wa mbele katika kuianzisha na kuwazoesha gorila kuona watu. Mzee akainua kidole: "1970? Mwaka ule njo nilianzaka kazi." Kiongozi akasema mwaka 1975 mbuga ilipanuliwa mpaka kilomita za mraba 6,000 hivi. "1975? Mwaka ule nilioaka." Mlima Kahuzi una mita 3,308, Biega una mita 2,790, yote miwili ni volkano zilizozimika. Hapo mzee hakuwa na la kuongeza. Mwaka 1980 UNESCO waliiandika mbuga kwenye urithi wa dunia, na mwaka 1997 wakaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

"1997," mzee akasema, "kila mutu alikuwa mu hatari."

Kisha zikaja kanuni, na kanuni hizi ndizo kiini cha msiba wangu, kwa hiyo msiziruke. Ukifika kwa gorila unavaa maski. Unakaa umbali wa mita 7. Unakaa nao saa moja, basi. Hupigi kelele, hukimbii, hufanyi kitu chochote kwa haraka, humkazii dume macho. Akikujia, unainama, unatulia. Na mgonjwa haingii kabisa, maana mafua yetu sisi yanayopita kwa limau na usingizi yanaweza kumaliza familia nzima ya gorila.

Mke wangu akapiga chafya.

Ilikuwa chafya moja tu, ya baridi ya asubuhi, lakini kiongozi akamwonyesha benchi kwa heshima zote. Akabaki pale na chupa ya chai na kapu la sambaza, vile visamaki vya ziwani. Hivyo ndivyo nilivyoingia msituni na baba mkwe bila mtu wa katikati.

Kabla hatujaondoka kiongozi akaangalia miguu yetu. "Papa, apa bila soksi hamuingii. Suruali inaingia ndani ya soksi. Kuko siafu."

Mzee akaangalia mokasini zake. Kiongozi akaangalia mokasini za mzee. Mke wangu, kule kwenye benchi, akaangalia miguu yangu. Ndugu msomaji uliyeoa, unajua macho ya namna ile. Nilikuwa na soksi ndefu za mpira wa miguu, za timu, zinafika magotini. Nikakaa chini, nikavua raba, nikavua soksi, nikampa mzee kwa mikono miwili. Akazipokea, akazinusa, akazivaa, akaingiza suruali ya suti ndani, akasimama amependeza kweli. Mimi kiongozi alinifunga vifundo vya miguu kwa kamba ya mgomba, akasema itashika.

Mbele yetu alitembea pisteri mmoja mzee, yaani mfuata nyayo, mtu wa kabila la Watwa, na panga lake. Niseme jambo moja hapa bila mzaha. Watu wake ndio waliokuwa wakiishi ndani ya msitu huu; miaka ya 1970 walitolewa kupisha mbuga bila fidia, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba walidhulumiwa. Yeye alikuwa akitupitisha kama wageni katika nyumba ya babu yake. Alisoma majani yaliyovunjika, mavi, tope, akatuambia walilala wapi jana na wameelekea wapi, na hakukosea.

Msitu wa mianzi usiusikie kwa watu. Unateleza, unashika mwanzi, mwanzi unakumwagia maji yote ya usiku shingoni. Kuna majani yanayowasha hata kupitia suruali. Mahali fulani kati ya majani hayo na tope, kamba ya mguu wangu wa kushoto ilikatika. Sikujua. Aliyejua hakuwa mtu.

Tukawakuta. Pisteri aliinua mkono, kiongozi akaanza kuguna kwa koo, mmh-mmh, sauti ya kuwaambia kwamba sisi ni watu wa amani. Tukavaa maski. Dume lilikuwa limekaa chini kabisa, mgongo wake wa rangi ya fedha umetugeukia nusu, linavunja machipukizi ya mianzi na kuyamenya kwa utaratibu. Majike wawili na watoto walikuwa nyuma yake. Mzee alitoa noti yake, akaifungua, akaangalia noti, akaangalia gorila, akaangalia noti. Kisha akatoa simu, akaanza kupiga video.

Nami nilikuwa nimesimama juu ya njia ya siafu.

Siafu mfanyakazi ni kipofu. Hilo nilijifunza baadaye na sijalisamehe, kwa sababu kipofu yule alipita kwenye raba, akapanda kifundo, akavuka goti, na kila alipokwenda alikwenda mahali palipo sahihi. Wa kwanza hawakuuma. Walipanda tu, wengi, kimya, nami nikafikiri ni maji ya mianzi yanateremka. Mpaka nikajiuliza: maji gani yanapanda?

Aliyeuma kwanza aliuma nyuma ya goti. Akafuata mwingine. Halafu ni kama walipeana neno. Nikafungua mdomo ndani ya maski nikaufunga. Kelele hairuhusiwi. Kukimbia hakuruhusiwi. Kuruka hakuruhusiwi. Mita 7 mbele yangu kulikuwa na kilo 200 za utulivu, na mimi sikutaka kuwa sababu ya utulivu ule kuisha. Machozi yakaanza kutoka. Yalishuka mpaka yakalowanisha maski.

Mzee akageuka, akaniona. Uso wake ukalegea. Akaweka mkono begani kwangu, akanong'ona: "Lia, mukwe wangu. Hata miye ninasikia mu roho."

Katika miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kunisemesha kwa upole ule. Nikatikisa kichwa. Siafu wakapita paja.

Kuna mahali ambapo mwanamume akifikiwa, mashauri yanakwisha. Sitaeleza zaidi, watoto wanasoma. Niliinama kwa kiongozi nikanong'ona, "Siafu." Akaangalia chini, macho yakamtoka. Akanong'ona naye: "Vua. Lakini polepole."

Ndugu zangu, mmewahi kuvua suruali kwa kufuata kanuni za mbuga? Mkanda nilifungua tundu kwa tundu. Zipu niliishusha bila mlio. Kisha suruali yenyewe, kidogo kidogo, nimeinama kwa unyenyekevu kama mtu anayemsalimia mwami, macho chini ili nisimkazie dume. Ilichukua muda ambao sijui kuupima. Na hapo ndipo ikaonekana chupi yangu, ya mitumba ya soko la Kadutu, nyekundu, yenye picha za mananasi.

Dume liliacha kutafuna.

Likaniangalia kutoka juu mpaka chini. Kiongozi, ambaye hata katika hali ile hakusahau kazi yake, akaendelea na maelezo kwa sauti ya chini: "Aba wanakulaka majani, na mianzi, na siku zingine wanakula hata sisimizi."

"Basi mukwe," mzee akasema, simu bado mkononi, "sogea kidogo akusaidie."

Jike mmoja alimvuta mtoto wake kifuani. Dume likasimama kwa mikono na miguu, likatugeuzia ule mgongo wote wa fedha, likaingia kwenye mianzi, na familia nzima ikalifuata. Hakukuwa na kupiga kifua wala kutishia. Waliondoka tu, jinsi watu wenye adabu wanavyoondoka sebuleni mambo ya nyumba yakiharibika. Saa yetu moja ilikuwa haijafika hata nusu.

Pisteri mzee alinikalisha kwenye gogo, akanitoa siafu kwa kucha, mmoja mmoja. Ukimvuta siafu vibaya, mwili unakatika na kichwa kinabaki kimeng'ata. Yeye alijua namna ya kuwatoa pamoja na vichwa. Hakucheka hata kidogo. Alicheka tulipofika Tshivanga, nyuma ya ofisi, na nikamsikia vizuri sana.

Garini hakuna aliyesema neno mpaka Mudaka. Mke wangu aliuliza kama tumewaona gorila. Mzee akajibu kwamba wameonekana, na kwamba wao pia wameona.

Jioni kikao kikakaa. Mzee alimpigia simu mdogo wake Lubumbashi, akaweka sauti ya wote wasikie. Kesi: mkwe amevua suruali mbele ya baba mkwe. Nikajitetea kwa heshima. Nikasema soksi zangu zilikuwa miguuni kwa nani? Nikasema kiongozi alitoa ruhusa. Nikasema hata gorila hakushtaki. Simu ikanyamaza kidogo, halafu hukumu ikatoka: soksi zilikuwa zawadi, na zawadi haina kesi. Mbuzi mmoja, jike, asiwe amekonda.

Nililipa mbuzi. Tukamla wote, mzee akapewa maini, akaniambia nisogee nikae karibu naye. Nikajua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Usiku ule mzee alituma video kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Inaanza vizuri: mianzi, dume, mgongo wa fedha, sauti yake akisema "njo beye, njo beye ba mu noti." Halafu mkono wake unachoka, simu inaelekea kulia, inakaa hapo hapo mpaka mwisho. Kundi zima Lubumbashi likaamka. Shangazi mmoja wa Katuba, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena na ambaye hakuhudhuria harusi yetu, aliuliza swali moja tu: huyu wa kulia mwenye makalio mekundu ni gorila wa namna gani?

Baba mkwe alivaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, akachukua muda wake: "Uyu si gorila. Uyu ni bwana ya mutoto yetu."