Neno au bega: kona ya mbwa huanzia wapi?

Kiwanja chetu kiko Nzuguni, upande wa mashariki wa jiji la Dodoma. Kila Jumamosi alfajiri tunakutana hapo watu watatu na mbwa wanne, viunzi vya mabomba ya plastiki tulivyokata wenyewe, na handaki la turubai alilotushonea fundi wa viti vya magari. Mchezo wetu ni ajiliti: mbwa anakimbia bila kamba, anaruka viunzi, anapenya handaki, anajipinda katikati ya fito 12 zilizosimikwa kwa mstari, na mwongozaji anakimbia naye bila kumgusa. Ulianza Uingereza, ukaoneshwa mara ya kwanza mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, kwa kuiga mashindano ya farasi. Mpangilio wa vikwazo hubadilika kila shindano, na njia anaijua mtu tu. Mbwa lazima aelekezwe akiwa mbioni.

Hapo ndipo tunapobishana. Mwenzetu mmoja, mzee aliyefundisha mbwa wa ulinzi miaka yake yote ya kazi, anaamini mbwa apindishwe kwa mwili: bega, mguu, mwendo. Mwenzetu mwingine, dada anayefundisha sekondari, anaamini apindishwe kwa maneno. Mimi nimezijaribu njia zote mbili kwa mwaka mzima na sasa nina msimamo, lakini kila mmoja wao anashika ukweli ambao mwenzake hapendi kuusikia, na si haki kuupita.

Hoja ya mzee ina nguvu kuliko inavyosikika. Macho ya mbwa yamekaa pembeni kuliko yetu. Bila kugeuza kichwa anaona eneo la nyuzi 240 hivi, sisi tunaona kama 180. Kitu kinachosogea anakidaka upesi mno. Kwa hiyo mbwa anayekimbia sambamba nawe anakuona wakati wote: ukipunguza mwendo anajua, ukigeuza kifua anajua njia imegeuka. Hilo halihitaji miezi ya mafunzo, maana ndivyo mbwa wanavyosomana wao kwa wao. Watafiti wa Italia waliwahi kuwapa mbwa ishara zinazopingana, neno likisema hivi na mkono ukionesha vile, na kwa jumla mbwa waliufuata mkono zaidi. Mzee hajausoma utafiti huo, ila maana yake anairudia kila wiki: "Kijana wangu, mdomo wako unamwambia mbwa jambo moja na miguu yako jambo jingine. Unadhani atafuata kipi?"

Tena, kushoto kwa nani? Amri za upande hutolewa kwa upande wa mbwa. Mbwa akija kukuelekea, kushoto kwake ni kulia kwako, na mtu anayehema baada ya viunzi kumi hukosea kirahisi. Bega halina tatizo hilo. Linaelekea linakoelekea.

Dada naye anaanzia kwenye handaki. La mashindano hufika mita 6, kipenyo chake ni sentimita 60, na mara nyingi limekunjwa kama upinde. Mbwa akiwa ndani hakuoni. Bega lako, miguu yako, vyote vimebaki nje. Anachoweza kutoka nacho ni neno alilolisikia kabla hajaingia, na asipokuwa nalo atachomoka moja kwa moja kama mshale, kisha aanze kukutafuta kwa macho. Halafu kuna suala la mbio. Mbwa mwepesi anakata mita 5 au zaidi kwa sekunde. Mwenye goti bovu, au mtu mzima wa miaka sitini, anaachwa nyuma mita kumi na tano kufumba na kufumbua. "Mzee wangu, shikamoo nakupa kila siku kwa heshima, lakini ukiwa kule nyuma bega lako atalionea wapi?" Ushahidi wake mkubwa ni mbwa wa kondoo wa Uingereza. Mchungaji amesimama palepale, mbwa yuko mamia ya mita juu ya kilima. Neno moja linamzungusha kufuata mwendo wa saa, jingine kinyume chake, na sauti isipofika unapigwa mluzi. Anayewatazama wafugaji wetu wa huku Bahi na Chamwino wakiongea na ng'ombe kwa mluzi hatashangaa kwamba mnyama anaweza kuongozwa kwa sikio.

Wote wawili, hata hivyo, huwa wanaruka jambo lililo chini ya ubishi wao: kona yenyewe ni nini. Mwangalie dereva wa bodaboda anayeijua kazi. Hapunguzi mwendo akiwa ndani ya kona, anapunguza kabla. Mbwa ni hivyo hivyo. Akijua mapema kwamba baada ya kiunzi anapinda kushoto, anafupisha hatua mbili tatu za mwisho, anakusanya miguu ya nyuma chini ya tumbo, anaruka akiwa amejikunja kuzunguka nguzo ya kiunzi, na anatua tayari ameelekea kushoto, mguu wa mbele wa kushoto ukiongoza. Akijua kwa kuchelewa, tayari yuko hewani, hana la kufanya. Atatua mbele, atafunga breki kwa miguu ya mbele, kisha atazunguka kwa mbali kama lori kwenye kipilefti. Hapo amepoteza mita mbili au tatu, yaani karibu nusu sekunde, katika mchezo ambao washindi hutenganishwa kwa sehemu ya mia ya sekunde. Kinachouma zaidi ni kwamba mabega na vifundo vya miguu ya mbele vimebeba uzito wote wa breki ile.

Kwa hiyo swali ninalojiuliza ni ishara ipi inafika kabla ya hatua zile mbili za mwisho. Likiwekwa hivyo, ubishi unabadilika sura. Nikiwa karibu na kiunzi, mbele ya mbwa, mwili wangu unafika wa kwanza na neno ni nyongeza. Nikiwa nyuma yake, au yeye akiwa handakini, mwili haufiki kabisa.

Lakini neno nalo lina urefu wake, na hapa Kiswahili kimetufundisha somo ambalo halimo kwenye mafunzo ya Wazungu. Dada alianza na "kushoto" na "kulia". Mbwa akawa anabahatisha, tukamdhania mzito wa kuelewa. Sikiliza maneno yenyewe: yote mawili yanaanza na "ku". Mbwa mbioni anasikia "ku" na hajaambiwa kitu. Maana inakuja silabi ya pili, na "kushoto" lina silabi tatu. Kulitamka kwa kupaza sauti kunachukua karibu nusu sekunde, na kwa mita 5 kwa sekunde mbwa ameshakwenda mita mbili na nusu. Wanaosema "lefti" na "raiti" hawajapona, maana wengi wetu l na r huchanganyika mdomoni tukiwa na haraka. Silvia Trkman wa Slovenia alieneza jozi ya sauti za silabi moja, "cik" na "cap", kila moja kwa kona kali ya upande wake, na nadhani ufupi huo ni sehemu ya mafanikio yake. Sisi tumekata kichwa cha maneno yetu: "shoto" na "ume", la pili kutoka kuume. Moja linaanza kwa mvumo wa sh, jingine kwa irabu tupu. Hizo ni za mpindo wa kawaida. Kona kali ya kuzunguka nguzo ina sauti zake, "ti-ti-ti" kushoto na "ga-ga-ga" kulia, kwa sababu mbwa anayejikunja kwa kila mpindo mdogo anapoteza mbio bila faida.

Upepo nao haukusahau kuja. Kuanzia Julai hadi Septemba Dodoma huvuma kweli, na vumbi jekundu linapanda hadi usoni. Siku kama hizo sauti laini ya dada haifiki mita ishirini, na mzee huwa anatabasamu kwa haki kabisa. Kiangazi hicho hicho ardhi inakuwa ngumu kama saruji na juu yake kuna changarawe zinazoteleza. Mbwa akikata kona kali hapo mara ishirini anaumia, iwe kwa neno iwe kwa bega. Tulikubaliana bila ubishi kwamba wakati huo ufito wa kuruka kwenye kiunzi unawekwa chini kabisa, kona kali hazizidi tano kwa kila mbwa, na saa mbili asubuhi tumeshafunga.

Msimamo wangu ni huu. Mwili uanze, kwa kuwa mbwa anauelewa tayari, na mtu asiyejua kupunguza mwendo wake hataokolewa na msamiati. Ila kwa kona kali namwunga mkono dada: lengo liwe neno, kwa sababu ndilo pekee linaloweza kumtangulia mbwa popote alipo. Tatizo langu na watu wa maneno, na mimi nilikuwa mmoja wao, ni kwamba wengi hatujawafundisha mbwa wetu neno lolote. Tunatamka "shoto" huku mkono ukiwa umeshanyooshwa. Ishara mbili zikija pamoja, mnyama hushika iliyo nyepesi kwake na nyingine huigeuza kelele. Mbwa amejifunza mkono. Sisi tumejipongeza kwa neno. Dawa yake ni mpangilio: neno litangulie, pumzi moja ipite, ndipo mkono ufuate. Baada ya siku kadhaa mbwa anaanza kupinda ndani ya pumzi ile, kabla ya mkono. Hapo ndipo neno limezaliwa.

Kulipima ni rahisi, na nimewaomba wenzangu wote wawili walifanye. Simama mbele ya kiunzi kimoja, mikono nyuma, uso mbele, miguu imetulia, usiangalie upande wowote. Tamka neno. Rudia mara kumi, ukichanganya pande bila utaratibu. Mbwa wa mzee, ambaye hajawahi kufundishwa neno hata moja, alipinda sawa mara tano, sawa na kurusha shilingi. Mbwa wa dada alipatia tisa. Jike langu la miaka mitatu alipatia kushoto zote tano, na kulia akapatia mbili. Jumamosi hii tunarudi kwenye kiunzi kimoja, ufito chini, upande wa kulia peke yake.