Akishanyea debe, jezi anaikuta msumarini?

Oktoba 2014 nilikuwa nabeba boksi kwenye ghala moja nje kidogo ya Sheffield, shifti ya usiku, na siku hiyo saa ya chai ndo nilijua Waingereza nao wanajua kugombana. Ched Evans alikuwa ndo kwanza katoka jela. Kwa ambao hamkufuatilia, huyu alikuwa straika wa Sheffield United, mwaka 2012 mahakama ikamtia hatiani kwa kubaka ikampiga miaka 5, akatumikia nusu akatoka, na klabu ikaonyesha nia ya kumruhusu aje afanye mazoezi. Mji ukawaka moto. Mzee mmoja tuliyekuwa tunapanga naye mizigo, mtu wa Bramall Lane, uwanja wa Sheffield United, toka yuko mdogo anabebwa begani na baba yake, akaweka kikombe mezani akasema siku huyo akivaa jezi yetu tiketi yangu ya msimu naichana. Kijana mwingine akamjibu si keshafungwa, si keshalipa, sasa unataka ale nini? Basi, chai ikapoa pale mezani.

Mi nilikaa kimya natafuna chapati yangu ya jana nikiwaza kwetu hili lingekuwa la dakika mbili tu. Bao likiingia limeisha.

Huku halikuisha. Watu zaidi ya laki moja na nusu walitia saini mtandaoni kumkataa. Jessica Ennis-Hill, mwanariadha, binti wa hapahapa Sheffield, mwenye dhahabu yake ya London 2012 na jukwaa limeandikwa jina lake pale uwanjani, akasema wakimsaini yule mtu jina langu walifute kwenye hilo jukwaa. Alichotukanwa mtandaoni baada ya hapo hakisemeki, mpaka polisi wakaingia. Klabu ikarudi nyuma. Januari 2015 klabu nyingine, Oldham, nao wakajaribu kumchukua, wadhamini wakaanza kuchomoka mmojammoja, wafanyakazi wa klabu wakatishiwa, dili likafa.

Mwezi uliofuata dada yangu akanipigia kutoka Morogoro. "Kaka umesikia? Cheka kapigwa mvua tatu!" Francis Cheka huyuhuyu, bondia wetu wa Moro, aliyempiga Mmarekani Phil Williams mwaka 2013 akavaa mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBF, moja ya mashirikisho ya ngumi, kafungwa miaka 3 kwa kumshambulia meneja wa baa yake. Dada analia kabisa kwenye simu kama kafungwa mjomba. Mimi mwenyewe roho iliniuma, niseme tu ukweli, maana mwanaume yule tulikuwa tukimwona anakimbia barabarani asubuhi tunaacha mswaki mdomoni tunamshangilia. Na hiyo mvua tatu wala hakuimaliza ndani, Februari 2016 alikuwa Leaders Club pale Dar anazichapa na Mserbia Geard Ajetovic, watu wamejaa, akashinda kwa pointi. Sikusikia aliyetia saini kumkataa wala mdhamini aliyekimbia.

Nikaenda kazini nimevimba kichwa. Nikawaambia wale jamaa nyie mna kelele tu, kwetu mtu akitoka jela tunampokea, anarudi kazini kwake, maisha yanaendelea, sisi tuna utu. Kuna mama mmoja wa Kijamaika tulikuwa tunamwita Anti, mpole sana huyo mama, yeye anafunga maboksi kwa gundi hata hakuniangalia, akauliza, na yule aliyepigwa, yeye alisemaje?

Nilitafuta jibu sikulipata. Habari zote nilizosoma, simu zote nilizopigiwa kutoka nyumbani, nilijua Cheka anakula nini jela na familia yake inaishije, lakini yule meneja sikuwahi hata kujiuliza kama alipona. Nilikuwa sijui hata jina lake. Hapo ndo maneno yangu ya utu yaliponiishia mdomoni.

Toka siku hiyo nina mawazo tofauti kidogo na yanaweza yakawaudhi wa huku na wa huko.

Kwetu tunasamehe haraka kwa sababu anayesamehe siye aliyeumizwa. Mkumbuke Desemba 9, 2017, Rais Magufuli pale Dodoma alipotangaza kuwaachia wanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha toka 2004 kwa kesi ya kubaka watoto wa shule ya msingi. Uwanja ulilipuka, na najua wengi mnaamini hawakufanya, na Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2018 ikasema kweli kuna haki zao zilikiukwa kwenye ile kesi. Sibishani na hilo. Ila wale watoto walikuwa kumi, saa hizo wameshakuwa watu wazima, wako mahali wanasikiliza zile shangwe kwenye redio, na sikumbuki mtu kijiweni aliyewataja.

Halafu huku nako wasijifanye. Yule Evans, Aprili 2016 hukumu yake ilifutwa, Oktoba kesi ikarudiwa akaonekana hana hatia, na 2017 akarudi Bramall Lane kulekule. Yule mzee wa tiketi hakuichana, alinyamaza tu, nami nikanyamaza maana hata mimi nilishamhukumu moyoni. Na hiyo Oldham iliyoshindwa kumsaini Evans ndo hiyohiyo mwaka 2007 ilimchukua straika Lee Hughes. Huyo aligonga gari la watu, mtu akafa, yeye akakimbia, kajisalimisha baada ya saa 36 hivi, akapewa miaka 6 akatumikia 3, katoka tu kakuta mkataba unamsubiri na akafunga mabao wee. Tony Adams alifungwa Desemba 1990 kwa kuendesha amelewa, akarudi Arsenal, leo ana sanamu nje ya uwanja. Kwa hiyo msinidanganye ni msimamo. Kelele zikiwa nyingi mlango unafungwa, zikiwa chache unafunguliwa, na mguu wenye mabao ndo unapunguza kelele.

Afu sisi wabeba boksi hiyo hesabu haituhusu kabisa! Mgeni asiye raia akihukumiwa hapa Uingereza kifungo cha miezi 12 au zaidi, sheria ya 2007 inasema akimaliza arudishwe kwao, labda awe na sababu nzito ya kubaki. Hakuna wa kukuuliza kama umejirekebisha. Na nilipoacha boksi nikaenda kuhudumia wazee, kabla sijaruhusiwa kumvalisha bibi wa watu soksi walichunguza rekodi yangu ya jinai wiki kadhaa nimekaa bila mshahara. Sasa nikamwona Steven van de Velde, Mholanzi wa voliboli ya ufukweni, aliyefungwa 2016 hapahapa Uingereza kwa kumbaka binti wa miaka 12, yuko Olimpiki ya Paris 2024 kavaa bendera ya nchi. Waholanzi wenyewe wakamlaza nje ya kijiji cha wanamichezo, yaani walijua kuna tatizo, lakini jezi wakampa. Watu wakamzomea. Mimi ningezomea pia.

Msimamo wangu ni kwamba aliyemaliza kifungo acheze. Ni kazi yake, mpira au ngumi ndo jembe lake, ukimnyang'anya unataka arudi kuiba? Lakini klabu ni kitu kimoja na bendera kitu kingine, aliyemharibu mtoto bendera ya taifa asiivae tena, hata kama amefungwa miaka ishirini. Na kabla hajarudi uwanjani, mtu mmoja amtafute aliyeumizwa amwambie, jamaa anarudi wiki ijayo, utamwona kwenye TV, una neno? Simaanishi apewe kura ya kukataa, ila asishtukizwe na picha ya aliyemuumiza kwenye bango la stendi ya Msamvu.

Mwaka 2019 nilienda likizo Moro, jioni nikapita uwanja mmoja wa ndondo kule Kihonda. Kulikuwa na jamaa tuliyekua naye, katoka kula mvua mbili za kuvunja duka la mzee mmoja wa mtaani, na mzee mwenyewe yupo palepale kwenye mstari kakaa kwenye kreti la soda. Kocha alitaka kumwingiza kipindi cha pili. Akamwambia nenda kwanza kamsalimie mzee.

Jamaa akaenda, akainama, shikamoo. Mzee kamwangalia weee, refa anapiga filimbi, watoto wanapiga kelele ingia ingia, mzee bado anamwangalia tu.

"Marahaba. Nenda kacheze. Ila hela yangu bado nadai."