Picha tuliyokatiwa

Picha lenyewe bovu, hilo tukubaliane mapema. Midudu mikubwa kama daladala, vijana wazuri wa sura wasiojua kuigiza, na vita vya ovyo: askari wanashushwa kwenye sayari ya midudu hiyo na bunduki mkononi, wanakatwa vipande kama pweza. Ndiyo Starship Troopers ya 1997, na mimi naipenda.

Mara ya kwanza niliitazama kwenye kibanda cha video, Ng'ambo ya Unguja mjini, tumebanana kwenye mabenchi. Mwenye kibanda hakuwa na subira. Kila ikija taarifa ya habari katikati ya picha, anaipeleka mbele. "Matangazo hayo," anasema, nasi tunamshukuru, tunataka stelingi aue. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka.

Juzi nimeitazama nzima, nyumbani, na mpwa wangu. Kumbe picha ilikuwa kwenye yale "matangazo"! Watoto wanakanyaga mende, mama pembeni anapiga makofi. Kimondo kinaiteketeza Buenos Aires. Habari zinasema midudu ndiyo iliyokirusha, ushahidi hatuoneshwi, watu wanakwenda vitani. Na kura anapiga aliyetumikia dola tu, wengine ni wakaazi hivi hivi. (Sisi ambao uchaguzi ukikaribia twapekua makabati kutafuta kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, hapo nilikohoa kidogo.)

Wapo wahakiki wa Marekani walioona picha inasifu ufashisti. Lakini Paul Verhoeven, aliyeiongoza, utotoni aliishi The Hague, Uholanzi, chini ya jeshi la Hitler. Mtu huyo akimvisha ofisa wa ujasusi koti refu la ngozi kama la Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, usiseme fundi cherehani kakosea. Riwaya ya Robert Heinlein ya 1959, iliyozaa picha hii, mambo hayo ya utumishi na kura inayasema bila kutania. Verhoeven ndiye aliyecheka.

Sasa yule bwana wa kibanda, bila kujua, alitutolea kejeli yote akatubakishia propaganda tupu. Na ilitukolea. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwishoni wanalikamata dudu lenye akili. Mwenye koti analigusa, anatangaza kuwa linaogopa, na jeshi zima linaripuka kwa furaha. Mpwa wangu naye akaruka kitini. Nikamtazama.

"Kwani vipi, mjomba? Si wameshinda?"